Mawe ya Kichwani mwa Pooza

Jumapili, Chemchem. Upepo wa vumbi tangu asubuhi. Nimenawa mikono mara tatu kwa sabuni ya kufulia na harufu haijatoka.

Nimechukizwa. Acha niandike kabla sijaanza kumwonea mtu huruma.

Mwaka jana rafiki yangu wa chuo, anayeishi Bagamoyo, alinitumia kwa basi vichwa vya pooza vilivyotiwa chumvi, niwaonyeshe wanafunzi wangu wa baiolojia. Pooza ni samaki wa mwambao. Hukaa chini kwenye tope, karibu na midomo ya mito, ambako maji yamechafuka na macho hayamsaidii sana. Basi husikiliza. Kichwani ana mawe mawili meupe ya masikio, makubwa kuliko ya samaki wengi. Dume akitafuta jike hutetemesha misuli kwenye kibofu chake cha hewa mpaka anakoroma kama mzee aliyelala. Nampenda samaki huyu. Kaka yangu Petro alikuwepo sebuleni siku hiyo, nikamweleza yote. Akaondoka na mawe mawili mfukoni.

Leo baada ya misa nilikwenda Ntalikwa kumwona shangazi. Nilimkuta amejikunja kitandani, uso umevimba, ndoo ya matapishi pembeni. Nikampa shikamoo, akaitikia kwa shida. Kikombeni mwake mlikuwa na maji ya unga wa kijivu yaliyonuka samaki aliyeoza. Amekunywa hayo asubuhi na jioni kwa wiki tatu. Dawa za presha alizopewa hospitali ameziacha.

"Ni mawe ya samaki wa pwani," alisema. "Anaishi kwenye uchafu lakini mawe yake yanabaki meupe. Ndiyo maana yanasafisha figo."

Nikamwuliza nani kamwambia.

"Kaka yako Petro. Kasema wewe mwalimu ndiye uliyeyasomea."

Nilichukua kikombe nikakimwaga nje.

Niliita bajaji, nikampeleka hospitali. Wamemlaza. Presha iko juu sana, figo watazipima kesho.

Kutoka hapo nikaenda moja kwa moja Isevya. Petro alikuwa uani kwake, kifua wazi, ndoo ya vichwa katikati ya miguu. Funza walikuwa wanatembea kwenye matundu ya macho. Alikuwa anapasua kichwa kwa vidole, anatoa jiwe, analifuta kwa taulo lile lile analofutia jasho.

Nikamwambia shangazi yuko wodini. Mikono yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Mdogo wangu, si wewe uliyenifundisha?"

Siku ile sebuleni sikumwambia neno lolote kuhusu figo. Lakini niandike ukweli hapa: tangu Pasaka nilijua anaagiza vichwa vitupu kutoka pwani. Nani anaagiza vichwa vitupu? Sikumwuliza. Nilifurahi tu kwamba hatimaye ana shughuli.

Hilo ndilo linalonichukiza kuliko funza.

Nilichukua ndoo nikaimwaga yote chooni, yeye akinitazama. Nikamwambia anipe simu yake na majina ya aliowauzia. Walikuwa wanawake wanne. Nikawapigia mmoja mmoja, yeye ameketi palepale, kichwa chini. Wawili walinielewa. Wa tatu alinitukana, akasema namwonea kaka yangu wivu.

Wa nne hakunipa nafasi ya kuanza. Alisikia tu jina langu.

"Ndiye mwalimu mwenyewe? Asante sana, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Nikamwambia, mama, ile ni chokaa ya kichwa cha samaki, haitibu figo, rudi hospitali.

"Kaka yako alinipa kwa jina lako," alisema. "Sasa unaninyang'anya kwa jina hilo hilo. Nishike neno lipi?"

Nilimwambia ashike la leo. Akakata simu. Nimemwomba Petro anielekeze anakoishi. Kesho kabla ya vipindi nitakwenda kugonga mlango wake, na Petro atakuja nami, apende asipende.