Meno ya Upendo

Jumatatu, 9 Juni
Amening'ata tena. Kidole kilekile. Upendo ana miaka tisa, ndiye mdogo wangu wa mwisho, na mswaki ukikaribia tu anauma. Fizi zinavuja damu. Mama anasema damu ikionekana niache kusugua. Ndiyo maana zimefika hapa. Nimemjibu vibaya. Ruhusa yangu inaisha Jumapili, narudi kazini Mbeya. Nani atamsugua?

Jumatano, 11 Juni
Kwa daktari wa meno, hapa Iringa mjini. Alieleza taratibu, mimi nilitaka aharakishe. Watoto wenye sindromu ya Down, kama Upendo, fizi zao huugua mapema, hata meno yasipotoboka. Picha imeonyesha na jingine: chini ya meno yake mawili ya utoto hakuna meno mapya. Hayatakuja. Na kwa sababu ya tundu la moyo alilozaliwa nalo, asing'olewe jino bila kupewa kwanza dawa ya kuzuia vijidudu visifike moyoni. Mama alikuwa anatazama dirishani. Sijui amesikia nini.

Ijumaa, 13 Juni
Baridi. Shangazi amefika kutoka Igawa na mchele. Nilitoka kununua mkaa. Kurudi, nimemkuta Upendo uani mbele ya Shangazi, uzi umefungwa kwenye jino linalolegea, anacheka, yuko tayari kulirusha juu ya bati aletewe jipya. Watoto wote wa ukoo wetu wameng'olewa hivyo, na Shangazi.
Nilipiga kelele. Nikakata uzi.
"Msomi," akasema Shangazi, "yako nimeyang'oa yote mimi. Ulikufa?"
Nikaingia ndani bila kumweleza sababu. Upendo alilia mpaka kwikwi. Jino limebaki.

Jumamosi, 14 Juni
Hafungui mdomo. Asubuhi hapana, jioni hapana. Akiniona na mswaki anakimbilia kwa Shangazi. Nikamshika kwa nguvu. Nikamwachia. Najichukia. Haogopi mswaki, ananiogopa mimi. Siwezi kukaa chini. Nimefagia uwanja ambao Mama alishaufagia.

Jumapili, 15 Juni
Nimemwomba Shangazi radhi jikoni, kabla ya ibada. Nikamweleza kuhusu moyo, meno yasiyokuja, na kwamba fizi zinazovuja ndizo za kusuguliwa, polepole.
"Mama yako kaniambia mmekwenda kupiga picha tu. Mimi ningejuaje?"
"Nisamehe, Shangazi."
"Haya. Nionyeshe."
Nikapanua mdomo. Alinisugua mimi kwanza, kwa nguvu kama anasugua sufuria. Nikamrekebisha mkono. Tukacheka kidogo.
Kisha akakaa kwenye kigoda uani, akamwita. Upendo akalaza kichwa mapajani mwake, akafungua. Damu ikatoka. Shangazi hakuacha. Mama alisogea, akainama, akawa anaangalia mkono unavyokwenda.
Begi liko tayari. Nilisimama nyuma ya mlango mpaka wakamaliza, Upendo asinione.