Gauni la Vifungo Kumi na Viwili

Mpendwa Baba Nyangeta,

Najua hutarajii barua yangu. Tangu uhamie Kisorya na mwenzako mpya, tumebaki watu wa kuulizana habari za mtoto tu. Leo nivumilie, maana kuna swali uliniuliza mwaka mzima na sikuwahi kukujibu.

Unalikumbuka lile gauni la kulalia? Nililishona mwenyewe kibandani kwangu Mukendo, kitambaa kizito, vifungo kumi na viwili kuanzia shingoni mpaka magotini. Ulipoliona ulicheka mpaka ukakaa chini.

"Mama Nyangeta, hili ni gauni ama gunia la dagaa?"

Ukaanza kuvifungua kwa mzaha, cha kwanza, cha pili. Cha tatu nikakushika mkono, nikakwambia nimechoka. Ulikuwa umetoka kuuza samaki, umeoga, unanukia sabuni, na mimi nilikuwa nakutaka. Hilo hukulijua.

Wiki ile nilikuwa nimeenda kupima mlango wa kizazi. Sikuwa naumwa, wanawake wa jumuiya yetu walipanga kwenda kundi zima nami nikafuata mkumbo. Wenzangu wakatoka wanacheka. Mimi nikaambiwa nibaki. Nesi alinieleza taratibu: "Mama, hii sio saratani. Ni mabadiliko ya mwanzo, tunayatibu leo leo." Lakini niliposikia neno saratani, masikio yaliziba. Niliokota vipande tu. Kirusi. Kinapita kwenye tendo la ndoa. Mpumzike wiki sita. Umweleze mwenzako.

Nikueleze nini? Njiani nilikushuku wewe na safari zako. Nilipofika nyumbani Kamunyonge nikajishuku mwenyewe, nikamkumbuka yule niliyekuwa naye kabla yako. Nilijiona mchafu. Kwa wiki kadhaa baada ya matibabu yale nilitokwa na majimaji, nikawa nafua vitambaa kwa kificho na kuvianika chini ya kanga. Wiki sita zikaisha, hofu haikuisha. Kila uliponigusa niliwaza damu, niliwaza maumivu, niliwaza nitakuambukiza ugonjwa wa kufa. Nikaendelea kufunga vifungo vyangu.

"Hivi unachokaga kila siku?" uliniuliza. Hukuwa na hasira. Ulikuwa unaomba.

Uliposhindwa ukanipeleka kwenu Butiama. Tukakalishwa mbele ya baba mkwe na baba zako wadogo. Mzee ambaye hata kula mbele yake sijawahi, ndiye akaniuliza mwanawe amenikosea nini. Ningeanzaje kutaja kizazi changu mbele yake? Wangenikalisha na mama mkwe peke yake huenda ningesema. Niliinamisha kichwa, nikahesabu vidole vya miguu yangu. Baba yako mdogo akasema, "Mwanamke akinyamazaga hivi, ujue yupo mwingine."

Ukanitazama. Nilijua unanisubiri nikatae. Nikanyamaza, na kimya changu mkakihesabu kuwa ndiyo.

Mficha uchi hazai, wanasema. Mimi nilikuwa nimeshazaa, nikaona naweza kuficha. Nikakupoteza.

Juzi nimerudi kupima. Nesi ni yuleyule. Akaniambia pako safi, nisiache tu kurudi siku atakayonipangia. Kisha akauliza, "Na baba anaendeleaje?" Nililia palepale kwenye kitanda cha kupimia mpaka akaenda kufunga mlango. Akanieleza upya, na safari hii nilisikia yote. Kirusi hicho huwapata watu wengi mno na hakisemi nani alitoka nje ya ndoa. Kinaweza kukaa mwilini miaka bila mtu kujua. Na hofu ya kulala na mume baada ya majibu kama yale huwapata wanawake wengi. Angetusaidia wote wawili kama ningekuleta. Hospitali ni mwendo wa kutembea kutoka kwetu, Baba Nyangeta. Ungekuja. Najua ungekuja.

Nilirudi nikalifumua lile gauni. Vifungo vingine nimevishonea kwenye sare ya Nyangeta, ambaye bado ananiuliza utakuja lini.

Nina hasira na wewe pia, nisikufiche. Uliniuliza kama nimechoka. Ukaja kuniuliza kama yupo mwingine. Kama naumwa, hukuniuliza hata siku moja.

Siombi urudi. Nimesikia mwenzako ana mtoto mchanga, na mimi si wa kumtoa baba kwa mtoto. Ombi langu ni moja: mwambie akapime. Na siku akirudi kutoka hospitali akajifunika mpaka shingoni, usimpeleke Butiama. Funga mlango mbaki wawili, umuulize wamemwambia nini huko, na usiinuke mpaka aseme.

Ni mimi, niliyekuwa nakutaka,
Mama Nyangeta