Mkeka wa Mize

Mjukuu wangu Salma, asalaam aleikum. Hapa Doha ami yako Hamadi hajambo, yuko na udereva wake. Mkewe hajambo, na mtoto wao anaota meno, hatulazi. Mimi mzima, ila roho haitulii tangu uliponiuliza: ukianza kusoma zile nukta za wasioona kwa vidole, ndiyo umekata tamaa ya macho?

Nilipokuwa mdogo, mwalimu alitusomea hadithi ya watoto wa Ulaya, ya zamani kabla bibi yangu hajazaliwa, huku tunasuka ukili wa mikeka. Mtoto kipofu, mpole, hakasiriki, anapapasa nyuso za watu, mwisho macho yakafunguka. Sote tukaacha kusuka, tukalia. Mize, mwenzetu asiyeona, vidole vyake havikusita.

"Kutwa kupapasa pua za watu! Kazi hana?"

Nikamuuliza, "Kwani wewe Mize hutaki kuona?"

"Nataka. Kila nikisali naomba. Lakini mkeka nao nautaka."

Basi mwanangu, nami huku nakuombea, nawe nenda kajifunze. Nukta zako za mwanzo niletee upesi, hata likiwa jina lako tu. Kuzisoma sijui, lakini nitafumba macho nizipapase.

Bibi yako