Skrini ya Kawaida, Kaka, Si Ile Pana

Mtoni, Unguja
Jumapili, 9 Februari 2025

Mpendwa Kaka Ubwa,

Assalamu alaykum, na shikamoo yangu ikufikie huko Maskati kabla ya neno jengine lolote. U mzima? Kifua kimepoa, au baridi ya mashine za kazini bado inakukera? Wifi Maryam naye hajambo? Sisi huku tunapumua, alhamdulillah. Mama yuko vizuri ila goti tu. Rukaiya wangu katimiza miaka mitatu na maneno hayamwishi mdomoni.

Nnakuandikia kwa mkono kwa sababu simu tunatumia moja mimi na Ayoub, nikikutumia sauti ataisikia. Barua atakuletea Gharib wa nyumba ya tatu, anarudi kazini kwake huko Jumanne.

Ni habari ya ile skrini. Ulimuuliza mume wangu umnunulie ya kawaida au ile pana iliyopinda, aweke kwenye chumba chake cha gemu, vijana wanapolipa kucheza, maana ya zamani imekufa. Yeye kakujibu pana. Nakuomba usinunue kwanza mpaka umalize kusoma.

Wiki mbili nyuma tulikwenda Darajani, dukani kwa Hitesh, tuzione zote mbili. Mlisoma naye, na mdomo wake bado ule ule. Akatuwekea gemu la magari kwenye ile pana. Uzuri wake, Kaka, barabara inakuzunguka kama umo ndani ya gari! Ayoub akashika. Unamjua, Mtoni nzima hakuna wa kumfunga. Basi gari ikaja kushoto, akaigonga. Ikaja nyengine kulia, akaigonga.

Hitesh akacheka mpaka akakaa chini. "Bwana Ayoub, leseni umepewa na nani? Tukutafutie punda?" Ayoub naye akacheka, akasema gemu hilo hajalizowea.

Akahamia kwenye ya kawaida, akarudisha kiti nyuma kidogo. Gemu lile lile. Hakugonga hata gari moja.

Hitesh akaacha kucheka. Akasimama ubavuni mwake, akainua mkono karibu na sikio la Ayoub, akamwambia, "Ayoub, tizama mbele tu. Vidole vingapi hivi?"

Ayoub akajibu, "Vidole vya nani?"

Hitesh akaniita kando, akanambia mama yake, Bi Prabha, alianza hivyo hivyo, twende hospitali leo, tusingoje kesho.

Tulikwenda. Daktari kasema ni presha ya macho. Haiumi, ndiyo maana mwenyewe hakujua. Imemla pembeni kidogo kidogo mpaka imemwachia katikati tu. Kilichokwenda hakirudi. Kapewa dawa ya matone, atie maisha yake yote, ili kilichobaki kisiondoke. Nikamuuliza daktari, kitabaki? Akasema akitia bila kuruka siku, matumaini yapo. Neno hilo nimelishika kwa mikono miwili.

Sasa nnakumbuka mengi na yote yananichoma. Mwezi wa kumi na mbili, watu wanatoka msikitini Ijumaa, Mzee Silima alimtolea Ayoub mkono. Ayoub akapita. Mkono wa mtu mzima ukabaki hewani mbele za watu! Barazani wakasema huyu kashakuwa mkubwa, salamu yake mpaka uwe na cheo. Tangu siku hiyo Mzee Silima haitikii salamu ya mtu wa nyumba hii, hata mimi nikipita na mtoto.

Na mimi nikawa pamoja nao. Nilimuuliza Ayoub, "Mzee Silima kakukosea nini?" Akasema, "Sijamuona." Nikamwambia, "Mtu mzima yule humuoni?" Siku tatu sikusema naye. Siku nyengine nilimwekea chai kushoto, akaipiga kiwiko, nikamwambia wewe hujali kitu. Mwenzangu haoni, na mimi nnamgombeza.

Hataki mtu ajue. Anasema nani ataingia chumba cha gemu cha kipofu? Ndiyo maana juzi, baada ya daktari, bado kakujibu pana, asije akaulizwa kwa nini. Anasema atageuza shingo. Lakini kila akigeukia huku, kule kunapotea, na wachezaji watalijua jambo lake siku ya kwanza tu. Ile ya kawaida inaingia yote katika kile alichobakishiwa. Akiwa nayo bado ni Ayoub yule yule. Niletee hiyo, Kaka.

Sasa nikwambie kitu cha aibu. Barua hii nnaiandika hapa hapa mkekani, nimekaa kushoto kwake, hata mkono mmoja haupo baina yetu. Anammenyea Rukaiya chungwa. Hanioni. Na nilipokaa nilijua hatoniona, ndiyo maana nikachagua hapa.

Kaka, niliweka kalamu. Nimerudi. Sikuweza kuimaliza vile. Nilihama nikakaa mbele yake, nikamsomea yote tangu salamu. Kisha akauliza, "Ulikuwepo hapo kushoto muda wote?" Nikasema naam. "Karibu namna gani?" Nikamshika mkono nikauweka pale nilipokuwa nimekaa, mkeka bado una joto. Akalia, Kaka. Sijapata kumuona Ayoub akilia. Rukaiya akatugawia chungwa lake, mimi kipande, babake kipande.

Baadaye akasema, "Mwandikie ya kawaida. Na Mzee Silima ntamwendea mwenyewe, nimwambie." Ameshatoka kwenda. Sijui atapokelewaje. Nimekaa nnasikiliza mlango.

Msalimie sana wifi Maryam, na Anuar wenu mumbusu. Mama anakusalimu, anasema ule vizuri. Hitesh anakusalimu, anasema umemtupa. Mungu akuhifadhini nyote na akuwekeeni macho yenu.

Na ukija, Kaka, usimsalimie shemeji yako kwa ubavuni. Zunguka, simama mbele yake, ndipo utoe mkono. Rukaiya keshajifunza.

Mdogo wako anayekuombea kila swala,
Time