Sanduku Linalosikia Udongo

Jumamosi, 1 Agosti 1964
Bila mimi, Kisangani hii haina mutu wa kupima udongo. Henri wa laboratoire anasema fundi ni yeye — bon, aseme. Nyundo anapiga nani? Leo Kabondo, pale watajenga hospitali ya ghorofa, nimepiga bamba la chuma mara arobaini! Mupigo unakimbia ndani ya udongo mpaka kwa sanduku ya Henri, sindano inaruka. Ukifika mbio, udongo iko mugumu. Ukichelewa, iko laini — siku inchi ikitetemeka kama kule Kivu, nyumba inalala chini. Nikiinua nyundo, hakuna mutu kutembea. Sindano inashika hata hatua ya kuku.

Jioni niliwaeleza watu kwa kinyozi Lukumani. Niliongeza kidogo. Kwamba sanduku inasikia miguu ya watu mpaka Isangi, mbali kule. Wembe ukasimama hewani. Lukumani akauliza: na Lubunga je, pale ngambo ya muto, Tonton Sefu? Lubunga? Hata wakikohoa! Wote wakasogeza viti karibu. Raha gani!

Jumatano, 5 Agosti
Waasi, wale Simba, wameingia. Risasi tangu jana. Hadidja, muke wangu, ameficha radio ndani ya unga. Na weye, anasema, ficha mudomo.

Ijumaa, 7 Agosti
Wamemuchukua Henri! Wamekuta sanduku, nyaya, batri. Eti ni phonie, radio ya kuita ndege. Henri anasema ni ya kupima udongo — wakacheka. Udongo unapimwa? Si mutu wa hapa alisema inasikia mpaka Isangi? Muke wake Odile alikuja analia: Papa Sefu, nani alisema vile? Nikajibu, ah, watu wabaya. Hadidja akagusa mudomo wake kwa kidole.

Jumamosi, 8 Agosti
Nimeenda mwenyewe kwa Simba. Nikamwambia kamanda wao: ni mimi nilisema, ni uongo, haisikii hata ngambo. Akauliza: weye nani? Nikajibu: mupimaji mukubwa wa udongo! Mudomo huu, hata pale. Kamanda akafurahi. Alors, papa, kesho saa tatu utafungua sanduku, utapima mbele yetu peke yako, utatusomea sindano. Tukiona ni udongo kweli, Henri anarudi kwake. Ukishindwa, mutabaki wote wawili. Henri, pale kwenye kona, alifumba macho.

Odile ameleta pondu, mboga ya majani ya muhogo, sahani kubwa. Ananiita mukombozi. Hadidja anauliza sindano nilijifunza kusoma wapi.

Miaka mitatu, Henri hakuniacha niguse hata kifuniko. Mimi ni wa nyundo. Na ile mipigo arobaini — alihesabu yeye.