El Gudud ya Upande Huu

Garissa, Ijumaa, 1966

Joto la leo halina adabu. Jua linazama na ukuta wa chumba changu bado unachoma. Nimerudi kutoka kwenye kizuizi cha barabarani, ninakowatafsiria polisi maneno ya Wasomali wenzangu, na sina hamu ya kula.

Leo walimsimamisha eddo Dahabo, dada yake baba. Alikuwa anakuja mjini na haan yake, chombo cha kusukwa, kimejaa maziwa ya ngamia. Huniletea kila Ijumaa. Inspekta ni mgeni hapa. Akamuuliza anatoka wapi.

“El Gudud,” akasema eddo.

Inspekta akafunua ramani. El Gudud aliyoiona iko ng'ambo ya mpaka, Somalia, na siku hizi mtu wa ng'ambo ni shifta, mwasi wa bunduki, hata akibeba maziwa tu.

Lakini ziko El Gudud mbili. Maana yake kisima chekundu, kwa sababu ya udongo wa kule ng'ambo. Ukame ulipowafukuza, babu na ndugu zake walikuja huku, wakachimba kisima kipya kwenye njia ya Hulugho, mwendo wa asubuhi moja kutoka mjini, wakakipa jina la kile walichokiacha. Ndivyo tulivyo. Tukihama tunabeba mikeka ya nyumba, vyombo, na jina la maji yetu. Udongo wa kisima cha huku hata si mwekundu, ni mweupe kama unga.

Najua. Nimezaliwa hapo.

“Kuna El Gudud nyingine?” inspekta akaniuliza.

Nilijua nikisema ipo, ataniuliza nimejuaje. Mkalimani aliyekuwa hapa kabla yangu aliondolewa kwa sababu ya ndugu zake wa Somalia, na hakuna anayejua alipelekwa wapi.

“Sijui, afande.”

Ni woga tu. Nisijidanganye.

Kisha inspekta akamuuliza eddo kama ananijua. Mwanamke aliyenibeba mgongoni akanitazama kidogo.

“Habana jua,” akasema kwa Kiswahili chake. “Huyu kijana ya serikali tu.”

Wakamtia korokoroni. Askari mmoja akanipa ile haan, eti maziwa yasiharibike bure. Hakujua yalikuwa yangu tangu yalipokamuliwa. Iko hapa mezani. Sijanywa, wala sijamwaga.

Najaribu kujiambia watamwachilia wenyewe. Watamwachilia vipi, na mtu pekee anayeweza kuwaeleza ni mimi? Babu alilibeba jina lile tusije tukapotea, na leo nimeliacha limpoteze binti yake.

Naona haya hata kuandika.

Asubuhi nitakwenda kwa inspekta na haan hii mkononi. Nitamwambia ziko mbili. Akiniuliza nimejuaje, nitamwambia maziwa haya ni yangu, na yametoka nyumbani.