Daftari Lililobaki kwa Mama

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Same. Vumbi. Asubuhi nimetuma habari ya mpunga wa Kihurio. Mchana wamefika wanafunzi sita wa anthropolojia, Chuo Kikuu. Mhadhiri wao, mwanamama wa Tabora, amechoka kuwafundisha kwa vitabu vya Wazungu Wapare ni nani. Ana sheria mbili. Anayeuliza hutangulia kusimulia la kwao. Daftari hubaki kwa aliyesimulia. Mhariri anataka habari. Mimi naona mchezo.

Jumatano, 7 Agosti
Kijijini kwetu, mlimani juu ya Maore. Rehema, mwanafunzi wa Handeni, amepangiwa kwa mama. Mama kamkagua: "Mjukuu wangu, Handeni hakuna ugali?" Wamecheka. Mimi nimefukuzwa jikoni.

Alhamisi, 8 Agosti
Rehema ametoka jikoni macho mekundu. Nimemuuliza. "Samahani kaka, si langu kusimulia." Mama hajala. Miaka ishirini nauliza watu maswali. Mama sijawahi kumuuliza zaidi ya hali. Nimeona wivu.

Jumamosi, 10 Agosti
Wanafunzi wameondoka. Mama hajui kusoma. Kanipa daftari. "Si wewe ndiye mwandishi? Nisomee."

Ukurasa wa kwanza ni wa Rehema. Shangazi yake alikuwa kigego, meno ya juu yalitangulia kuota. Bibi yake akamficha kwa ndugu wa mbali. Yu hai, ana wajukuu.

Ukurasa wa pili ni wa mama. Mtoto wake wa kwanza, msichana. Kigego. Mila ya wakati ule haikumwacha aishi. Wazee walimpeleka jabalini, walikotupwa vigego.

Nimekuwa nikijijua mimi ndiye wa kwanza.

Nimeshindwa kuendelea. Mama kasema, "Basi, tutamalizia kesho."

Jumapili, 11 Agosti
Baada ya ibada. Mvua nyepesi. Nimesoma tena tangu mwanzo, polepole. Jina lake Nakijwa. Alikuwa ameanza kukaa mwenyewe.

Nilipofika penye neno "jabalini" mama akanisimamisha.

"Hapo nilimficha Rehema ukweli. Hawakuwa wazee. Nilimbeba mwenyewe. Sahihisha."

Nimefuta "wazee walimpeleka". Juu yake nimeandika "nilimpeleka".

Ameomba aone ni wapi. Nimemwonyesha. Ameweka kidole karibu na neno, hakuligusa. Akauliza kama wino umekauka.

Nikamwambia bado.

Tumesubiri.

Habari sitaituma.